Gia za Umeme na Hatua Ishirini

Jumamosi, 2 Agosti

Ogola amenipita tena. Mara ya kumi na moja mwaka huu! Palepale kwenye mpando wa Kisian, mbele ya yule mama wa mahindi ya kuchoma, ambaye sasa ananijua kwa jina. Nilikuwa gia ya nne, nataka ya pili, waya ukakataa. Cheni ikalia kra, ikaanguka. Ogola akapita polepole, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine unamenya ndizi. Ndizi, mlimani! Akaniuliza kwa adabu zake zote kama aniitie boda.

Naandika nikiwa na grisi mpaka masikioni.

Na leo haikuwa siku ya kudhalilishwa. Mzee Gurmit, kapteni wetu tangu kikundi cha baiskeli kianze, ametangaza kwamba magoti yamemwambia basi. Tarehe kumi na sita tutashindana kutoka Kisian hadi Maseno, sisi tuliovuka miaka hamsini, na wa kwanza kufika atarithi filimbi yake. Filimbi ile ya shaba! Mwenye filimbi hutangulia. Akipuliza, watu ishirini na wawili wanasimama, hata wakiwa kwenye mteremko mtamu.

Mimi nimekuwa naibu miaka sita. Naibu maana yake nabeba pampu. Miaka sita pampu inanichubua mgongo, halafu filimbi imwendee Ogola, karani mstaafu, jirani yangu wa ukuta mmoja, mla ndizi? Haiwezekani.

Tatizo si miguu. Miguu yangu ni ya Kimilili, imekulia milimani. Tatizo ni waya. Nimepekua simu jioni yote na dawa nimeipata: gia za umeme. Waya hakuna kabisa. Swichi moja kwenye usukani, mashine ndogo nyuma kwenye gurudumu, kila kimoja na betri yake. Unabonyeza, vinaelewana hewani, cheni inahama. Zzt! Hivyo tu.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeagiza Nairobi. Mabati ya choo yatasubiri, choo chenyewe hakina haraka.

Maximilla aliniuliza mbona nimekaa na simu mpaka ugali umepoa. Mke wangu ana pua ya kunusa mambo. Nikamwambia nimeagiza mashine ya mgongo. Si uongo sana. Mgongo unauma kwa sababu ya pampu, pampu ni ya unaibu, unaibu utaisha kwa mashine. Ni vile nimefupisha maelezo.

Akanipa pole. Akasema kumbe nilikuwa nateseka kimya. Nilikubali pole hiyo na kipande cha pili cha samaki.

Alhamisi, 7 Agosti

Sanduku limefika stoo saa nne. (Mimi ndiye mtunza stoo wa duka la vyuma, kwa hiyo nilijipokelea, nikajisainia.) Nikalipeleka nyumbani Manyatta chini ya koti nikitarajia kwamba Maximilla yuko sokoni.

Hakuwa sokoni. Alikuwa sebuleni na Mama Enos, yaani Aoko, mke wa Ogola! Wanakunywa chai. Maximilla akaruka juu. Mashine ya mgongo imekuja! Nilale kwenye kochi waone inavyofanya kazi.

Ningesema nini? Nimelala kifudifudi mchana kweupe, shati juu, mke wangu akinisugua uti wa mgongo kwa mashine ya gia ya baiskeli. Meno yake yanakwaruza. Alipogusa kitufe ikalia zzt ikanifinya nyama, nikapiga yowe. Maximilla akasema dawa ikiuma ndiyo inaingia. Mama Enos akasema hata mzee wake analalamika mgongo. Akapiga picha sanduku, mbele na nyuma, na maandishi yote.

Nikiwa chini pale nilimsihi asijisumbue. Nikasema ni ya migongo ya Wabukusu tu. Hakuna aliyenisikiliza.

Jumapili, 10 Agosti

Leo nimepigwa makofi mawili, moja baada ya jingine.

La kwanza, langoni mwa kanisa. Ogola ananichekea. Mke wake alimwonyesha picha ya dawa ya mgongo, akaitambua papo hapo, akaagiza sanduku lilelile. Linafika kesho. Ananishukuru kwa ushauri! Huyo mtu hajawahi kuwa na wazo lake mwenyewe. Hata suruali aliiga kwangu.

La pili, nyumbani. Binti yetu Nangila, wa maabara pale kliniki, hakugusa chakula. Mama yake anamkonyeza, yeye anakunja kitambaa. Mwishowe likatoka: kuna kijana anataka kuleta wazee wake hapa Jumapili ijayo, tarehe kumi na saba, wajitambulishe rasmi. Nikauliza wa ukoo gani. Maximilla akaniongezea mchuzi. Nikauliza anakaa wapi. Nangila akanyoosha kidole ukutani.

Enos. Mtoto wa Ogola!

Miaka miwili, kumbe. Ukuta mmoja, na mimi ndiye wa mwisho kujua. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nangila akanishika mkono.

"Baba, nakuomba kitu kimoja tu," akasema. "Usigombane na Mzee Ogola kabla ya Jumapili. Wakiudhika wasije, sitakuwa na la kumwambia Enos."

Ana macho ya marehemu mama yangu, huyu mtoto. Nikaapa. Sitagombana na Ogola. Sitamwinulia sauti. Nimeapa na Biblia ilikuwa mezani, kwa hiyo nimefungwa nayo.

Lakini sikuapa kushindwa.

Jumanne, 12 Agosti

Siku njema sana kwangu. Niiandike vizuri.

Ooko, fundi wa baiskeli pale Kondele, alikuwa na baiskeli zetu zote mbili, yangu na ya Ogola, zimening'inizwa bega kwa bega kama ng'ombe wa mnada. Nilimwambia ni aibu kuzichanganya. Akasema vifaa ni vilevile, kwa nini atazame video mara mbili. Alikuwa amemaliza. Akanieleza kwamba ameshaoanisha kila swichi na mashine yake. "Mzee, hizi zimeoana," akasema. "Swichi hii inasikilizana na mashine hii tu. Haiwezi kutoka nje ya ndoa." Kisha akaenda kula. Mafundi wa siku hizi wanapenda hadithi.

Nikabaki peke yangu kibandani, nikakagua. Mimi ni mtu wa stoo, najua mali. Na nikaona jambo la kunichoma roho: swichi ya Ogola ina alama nyekundu. Kaduara kadogo, kwa chini. Yangu haina kitu! Miaka kumi na tisa nafungua masanduku ya vyuma, najua maana ya alama nyekundu. Ni daraja la kwanza. Yaani mimi nimeagiza mapema nikaletewa ya daraja la pili, yeye wa kuiga akaletewa ya daraja la kwanza!

Hiyo ni dhuluma. Nikachukua bisibisi. Skrubu moja hapa, skrubu moja pale. Swichi ya alama nyekundu kwangu, ile nyingine kwake. Dakika tatu. Sijaiba: kila baiskeli ina swichi moja kama ilivyokuwa. Nimerekebisha kosa la Nairobi.

Nikabonyeza kujaribu. Zzt! Safi, haraka, ya daraja la kwanza kweli. Sauti ilitoka kama upande wa baiskeli ya Ogola, lakini kibanda cha mabati kina mwangwi.

Jumatano, 13 Agosti

Jambo la ajabu. Baiskeli nimeiegesha sebuleni, kwenye ule ukuta wetu na Ogola. Tunakunywa chai. Hakuna aliyeigusa. Ikalia zzt yenyewe. Mara ya pili, zzt. Mara ya tatu!

Maximilla akaweka kikombe chini akaanza kukemea pepo. Nikamtuliza. Nikamwambia vitu hivi vya kisasa vina akili, vinajifunza barabara kabla ya safari. Akauliza kwanza mashine ya mgongo inafanya nini kwenye baiskeli. Nikamjibu baiskeli ndiyo inayoniumiza mgongo, tunatibu chanzo. Akachukua kikombe chake akaenda kunywea jikoni.

Nikabonyeza swichi yangu mara moja, kuonyesha ni nani mwenye nyumba. Kwangu kimya. Upande wa pili wa ukuta nikamsikia Ogola akisema "Omera!", ndugu yangu kwa Kijaluo, kwa mshtuko, na kitu kikaanguka. Sijui anafanya nini huko. Mtu mzima anaangusha vitu.

Sijaipanda bado, wala sitaipanda mpaka Jumamosi. Tokeni za stima zimebaki kidogo na betri lazima ifike mlimani ikiwa imejaa.

Alhamisi, 14 Agosti

Mpango wa pili, na huu ndio mtamu zaidi. Ulinijia nikinyoa ndevu.

Nimeapa nisigombane na Ogola. Vizuri. Lakini wakwe si wanaheshimiana? Kwetu mkwe hamkaribii mkwe ovyo. Hamkanyagi kivuli, hamtanii, hapigani naye vikumbo. Sasa kupita mtu mlimani ukimwonyesha mgongo, tena na ndizi, ni heshima gani hiyo? Kwa hiyo baba wa mvulana haruhusiwi kumpita baba wa msichana njiani. Akae nyuma. Akae hatua ishirini.

Maximilla akasema hajawahi kusikia hatua ishirini. Nikamwambia yeye ni wa Webuye, Kimilili kuna mambo yao. Akasema ana shangazi wawili Kimilili. Nikamwambia shangazi hawaendeshi baiskeli.

Ujumbe kama huo haupelekwi na mwenyewe. Nimemtuma Nakhumicha, dada yetu wa ukoo, mweka hazina wa kikundi, yule anayeuza omena na kupanda milima na baiskeli kuukuu isiyo na gia hata moja, kreti nyuma. Akanisikiliza. Akauliza hatua ishirini ni pamoja na Jumamosi mlimani? Nikasema hasa Jumamosi mlimani. Akauliza, kwa hiyo mimi nitakuwa mbele na Ogola atakuwa amefungwa nyuma yangu, mwendo wangu ndio mwendo wake? Nikasema umeelewa vizuri sana. Akafikiri kidogo. Akasema ataufikisha neno kwa neno. Mwanamke mwaminifu.

Saa kumi na moja amerudi na jibu. Ogola hajawahi kusikia mila hiyo. Lakini akasema ikiwa ndiyo itakayofanya Enos apokelewe kwa moyo mweupe, basi atakaa hatua ishirini nyuma mpaka Maseno.

Ameingia mzimamzima! Nilicheka peke yangu mpaka Nangila akachungulia. Nikamwambia nimefurahi tu kwa ajili yake. Akanikumbatia. Nilijisikia vibaya kiasi, kama dakika moja hivi.

Jumamosi, 16 Agosti

Sitaki kuandika. Lakini nisipoandika mimi, wataandika wengine.

Saa mbili asubuhi, Kisian, kando ya barabara ya Busia. Upepo wa ziwani nyuma yetu. Wazee saba mstarini, Nakhumicha na kreti yake pembeni kabisa. Mimi katikati, Ogola kulia kwangu, karibu kabisa, maana mila yangu inaanza baada ya filimbi. Nikabonyeza swichi mara sita kuipasha moto, upande wa gia nyepesi. Ogola naye anabonyeza yake, nasikia zzt pande zote. Sikutazama gurudumu la nyuma. Kapteni mtarajiwa hatazami nyuma.

Gurmit akapuliza. Nikakanyaga. Na baiskeli ikaondoka kwa gia nzito kuliko zote! Sikuitaka, lakini pale tambarare ilinifaa ajabu. Niliwaacha wote. Nyuma yangu nikasikia Ogola akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka ishirini, ndipo akapanda. Nilipogeuza shingo miguu yake ilikuwa inazunguka kama ya cherehani na baiskeli haiendi. Nilicheka. Nakiri nilicheka.

Ukaja mpando.

Nikabonyeza nipate gia nyepesi. Kimya. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza kwa kidole gumba, kwa ngumi, kwa kiwiko. Daraja la kwanza, haina habari na mimi! Ile gia nzito imenishika kama gundi. Magoti yanalia. Nayumba kushoto, nayumba kulia, lori likanipigia honi. Mama wa mahindi akasimama kabisa kunitazama, akaita wenzake.

Na Ogola? Ana gia nyepesi kuliko zote. Mlimani hiyo ni asali. Alinifikia bila hata kutoka jasho. Na hakunipita! Alipofika hatua ishirini alishika breki. Nikienda, anaenda. Nikiyumba, anasimama, anashuka, anasubiri. Ameshika breki mlima mzima, yeye ambaye angekuwa amefika Maseno na kunywa soda.

Mwishowe nikaanguka. Si vibaya, kwenye nyasi. Lakini nikalala pale na baiskeli juu yangu na sikutaka kuamka. Nikamwita Ogola anisaidie. Akabaki palepale.

"Mkwe, siwezi," akasema kutoka mbali. "Umesema hatua ishirini."

Wakati huo kengele ikalia. Nakhumicha! Amesimama juu ya pedali, kreti nyuma, kanga kiunoni, anapanda taratibu kama mtu anayekwenda kwake. Akatupita wote wawili. Akanisalimia. Akamsalimia Ogola. Akasema mila ni kitu kizuri. Nilimtuma mwenyewe! Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu!

Nikamwambia Ogola nimemruhusu, aje. Akaniuliza kama nina uhakika, asije akamharibia Enos. Nikasema nina uhakika. Akaja, akaniondolea baiskeli, akauliza shida ni nini. Nikamwambia gia zimegoma. Akasema hata zake tangu tambarare. Akabonyeza swichi yake kunionyesha.

Zzt. Ikahama gia yangu.

Akabonyeza tena. Ikahama tena, kwenye baiskeli yangu, mbele ya macho yetu. Akanyoosha mkono, akabonyeza swichi yangu. Zzt, kwake. Ogola si mjinga, nalazimika kusema. Aliinama akatazama chini ya swichi iliyo kwenye usukani wangu. Kuna kile kiduara chekundu. Akakigusa na kidole.

"Hii ni herufi O," akasema. "Aoko aliniwekea kwa rangi ya kucha, nisije nikapoteza."

Rangi ya kucha. Daraja la kwanza ni rangi ya kucha ya Mama Enos.

Nilikuwa na maelezo ya kutosha, kuhusu Nairobi, kuhusu mwangwi, kuhusu haki. Nilingoja anitukane. Angenitukana ningepata pa kuanzia! Ogola akaokota kofia yangu, akanipa. Akageuka, akashuka na baiskeli yake akihesabu mpaka ishirini, akasimama.

"Twende," akasema. "Sikupiti. Kesho mtoto wangu anakuja kwako."

Nikasukuma baiskeli kwa miguu mpaka juu. Yeye nyuma yangu, breki mkononi. Wazee wanne wengine walitupita. Kule Maseno nimeingia wa sita kwa miguu, Ogola wa saba, anachechemea kwa sababu ya kushika breki na kushukashuka. Nakhumicha amekwishavalishwa filimbi. Tendo lake la kwanza la ukapteni: amenipa pampu.

Nimefika nyumbani. Nangila aliuliza tu kama tumegombana. Nikasema hapana. Akashusha pumzi, akaenda kufagia uwanja kwa ajili ya kesho. Nimekaa chumbani. Sijui Ogola amewaambia nini kwake. Wasipokuja kesho, nitamwangaliaje huyu mtoto?

Jumapili, 17 Agosti

Saa nane, hawajaja. Saa nane na nusu, hawajaja. Wanakaa ukuta wa pili! Nangila amevaa gauni la bluu, amekaa kwenye ukingo wa kiti. Maximilla ananitazama mimi, si mlango. Nilisikia kila kijiko kilichogusa kikombe upande ule.

Saa tisa kasoro wakabisha hodi. Ogola, Mama Enos, Enos ndani ya suti inayombana, na kaka mkubwa wa Ogola kutoka Sondu, ndiye msemaji. Kwetu amekaa Nakhumicha, shangazi wa bibi arusi. Amekuja na filimbi shingoni! Ndani ya nyumba yangu!

Wakakaa. Maombi. Halafu kaka mkubwa akasimama akasafisha koo. Akasema kabla ya neno lolote, kuna kitu chao kimo ndani ya nyumba hii.

Nangila alikuwa na sinia la soda. Likasimama hewani. Nikasema moyoni basi, mwisho, nimemmaliza mtoto wangu kwa bisibisi.

Mzee akaendelea. Kitu hicho ni kidogo, kina alama nyekundu, na kilihamia hapa Jumanne bila barua. Na kitu cha nyumba hii kiko kwao. Usiku ndugu yake alimsimulia, na alicheka mpaka akaomba maji. "Hatukuja kukidai," akasema. "Tumekuja kusema kikae. Cha kwenu kiko kwetu, chetu kiko kwenu. Sisi tumeshaoana, tumebakiza watoto tu."

Kicheko kikalipuka sebuleni. Nangila aliweka sinia chini akacheka mpaka machozi, akamtazama Enos, Enos naye akaanza. Nakhumicha alipuliza filimbi. Mimi nilitoa kitambaa. Moshi wa jikoni ulikuwa mwingi.

Wazee wakakata shauri: swichi zibaki zilivyo mpaka siku ya harusi, mwezi wa kumi na mbili. Na zile hatua ishirini, ambazo mzee wa Sondu alisema anatamani angezipiga picha akazionyeshe kwao, zimefutwa. Kila Jumamosi nitapanda mlima bega kwa bega na Ogola. Yeye ananibadilishia gia, mimi nambadilishia. Asiponipa nyepesi, sifiki popote.

Ogola aliinuka akanipa mkono. Mkono mzito, wa joto. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hata yeye Jumatano alipoona gia zake zinahama zenyewe alidhani zinajifunza barabara. Nilimpenda kwa dakika hiyo. Naandika hapa tu.

Kisha chakula. Nilichinja jogoo wangu mkubwa kwa ajili ya shughuli hii. Katika nyumba ya Mbukusu firigisi ni ya baba wa nyumba, hilo hata paka anajua. Maximilla akaja na sahani, akapita mbele yangu, akamwekea Ogola. Firigisi! Nzima! Akanieleza wageni wakisikia kwamba ni dawa, mzee huyu aliumia magoti kwa kunisubiri, na mimi mgongo wangu umeshapona kwa mashine. Nikapewa shingo.

Nimeila. Binti yangu anaolewa. Nimeila yote.

Jumanne, 19 Agosti

Nimekaa siku mbili nikitafakari, na nimejifunza mengi. Niyaweke wazi hapa.

Sikukosea gia za umeme. Sikukosea hatua ishirini. Ni mila nzuri, haikupewa nafasi. Kosa langu lilikuwa moja tu: kusema mgongo. Kila mtu wa umri wetu ana mgongo! Ndiyo maana Mama Enos alitega sikio.

Leo kule stoo nimeona kwenye simu kitu kipya kabisa. Kiti cha umeme. Unabonyeza swichi, kiti kinapanda, unabonyeza, kinashuka. Hakina waya. Wazee walikataza kugusa swichi za gia. Kuhusu kiti hawakusema lolote, nilisikiliza kwa makini. Mwakani Nakhumicha atashindania filimbi na mtu aliyekaa juu yake kwa inchi nne.

Nimeagiza. Maximilla akauliza ni nini tena. Safari hii nilikuwa tayari. Nikamwambia ni mashine ya magoti.

Amenipa pole sana. Amesema kumbe na magoti nilikuwa nateseka kimya. Sasa hivi yuko ukutani, anamgongea Mama Enos aje na kalamu aandike jina la mashine, amwagizie mzee wake.